Kondoo, mbuzi, sungura au nguruwe? Kuchagua mnyama wa kujaribia betri ya moyo kwa mtoto aliye tumboni

Kama unaandika pendekezo la utafiti kuhusu mtoto aliye tumboni ambaye njia ya umeme wa moyo wake imeziba, na umekwama kwenye kipengele cha mnyama, jiulize kwanza: unataka kuuelewa ugonjwa, au unataka kujaribu kifaa, yaani betri ya kuupa moyo umeme? Mnyama anayefaa kwa swali la kwanza hafai kwa la pili. Wanafunzi wengi hapa Dar wanatafuta mnyama mmoja wa kubeba yote mawili, na mnyama huyo hayupo. Ukilikubali hilo mapema, kazi yote iliyobaki inakuwa nyepesi.

Tuuweke ugonjwa wazi kwanza. Kati ya vyumba vya juu vya moyo na vya chini kuna kifundo kidogo kinachopokea umeme kutoka juu na kuupitisha chini. Kikiharibika, vyumba vya juu vinaendelea na kasi yao, na vya chini vinajipigia vyenyewe polepole. Mtoto wa binadamu aliye tumboni hupiga mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Yule ambaye njia yake imeziba kabisa hushuka hadi 50 au 70. Hali hii humpata takribani mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Baadhi yao wana kasoro katika umbo la moyo. Wale ambao moyo wao umeumbika vizuri, mara nyingi chanzo ni kingamwili za mama ziitwazo anti-Ro na anti-La. Mama anaweza kuwa na lupasi au ugonjwa wa Sjögren, magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na anaweza pia kuwa mzima kabisa, hajui kwamba anazo, hadi siku anapopimwa ultrasaundi na daktari ananyamaza ghafla akiangalia skrini. Kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma, na madhara kwenye kifundo hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 24.

Mapigo yakishuka chini ya 55 mtoto yuko hatarini. Maji huanza kujaa kifuani, tumboni na chini ya ngozi. Angekuwa amezaliwa na ana kilo za kutosha, angepelekwa JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Upanga, mahali ambapo betri za moyo huwekwa. Lakini ana nusu kilo, na kumzalisha sasa ni kumpoteza. Dawa anazopewa mama zina mipaka yake: salbutamoli inaongeza mapigo machache tu, na kuhusu deksamethasoni wataalamu bado wanabishana. Dawa iliyoleta matumaini ya kweli ni ya kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mama aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hili, akitumia haidroksiklorokwini miligramu 400 kwa siku katika mimba inayofuata, uwezekano wa tatizo kurudi unashuka kutoka karibu asilimia 18 hadi chini ya 8. Hilo ni jambo kubwa sana. Ila kwa mtoto ambaye kifundo chake kimeshakufa, kinga imechelewa, na kinachobaki ni kuupa moyo umeme kutoka nje. Kwa ajili ya mtoto huyo watafiti wamekuwa wakienda kwa wanyama tangu miaka ya 1980.

Kondo la nyuma ndilo linaloamua

Watu wengi wanachagua mnyama kwa ukubwa au kwa bei. Mimi naanza na kondo la nyuma. Kwa binadamu, damu ya mama inagusa moja kwa moja tabaka la nje la kondo, na kingamwili zinasafirishwa kwenda kwa mtoto miezi mingi kabla ya kuzaliwa. Kondoo, mbuzi na nguruwe hawako hivyo. Kondo lao lina matabaka mengi na kingamwili hazipiti. Mtoto anazaliwa bila kinga ya mama, na anaipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, katika saa za kwanza. Mfugaji yeyote anajua kwamba mwanakondoo aliyekosa dang'a hana maisha marefu.

Maana yake kwa utafiti ni moja. Ukimchoma kondoo mjamzito kingamwili za anti-Ro za binadamu, moyo wa mtoto wake hautaguswa. Kwa hiyo kwa kondoo hupati ugonjwa, unapata matokeo ya ugonjwa tu: wewe mwenyewe unafungua kifua cha kijusi na kukiharibu kifundo kwa formalini, kwa baridi kali au kwa joto. Moyo unaobaki ni mzima kila mahali isipokuwa pale ulipopaharibu. Moyo wa mtoto wa binadamu mwenye kingamwili hauko hivyo, kwa sababu mara nyingine misuli yenyewe imevimba na kuweka kovu. Betri inayofanya kazi vizuri kwa kondoo imepimwa kwenye misuli yenye afya, na lazima uliandike hilo kwenye pendekezo lako kabla msahihishaji hajakuuliza.

Sungura na panya wako upande wa pili. Kwao kingamwili hupita kabla ya kuzaliwa, sehemu kubwa kupitia kifuko cha kiini. Huko Uswidi, panya wa maabara waliochanjwa kwa kipande cha protini ya Ro52 (ile inayoshambuliwa na kingamwili za anti-Ro) walizaa watoto ambao umeme wa moyo wao ulichelewa kupita. Mioyo ya sungura iliyotolewa na kuendelea kupiga ndani ya chombo imesaidia kuonyesha kwamba kingamwili za akina mama hawa zinabana njia za kalsiamu kwenye seli za moyo. Hayo huwezi kuyapata kwa kondoo hata ukiwa na zizi zima. Lakini mimba ya sungura ni siku 31 na mtoto anazaliwa na gramu 50 hivi. Wa panya ni gramu chache. Hakuna betri ya kuingia humo. Halafu, kwa wanyama hawa tatizo huishia mara nyingi kwenye ucheleweshaji tu, na kuziba kabisa ni nadra. Kama swali lako ni kwa nini kifundo kinakufa, au dawa gani ikizuie kisife, chagua sungura au panya na usiangalie nyuma.

Kondoo dhidi ya mbuzi

Hapa ndipo penye mjadala wa kweli kwa mtu wa Tanzania, kwa sababu wote wawili tunao, na watu huwaona kama kitu kimoja. Mimba zao zinakaribiana, kondoo siku 147 hivi na mbuzi 150. Wote huzaa mmoja au wawili. Ukubwa wa kijusi ni ule ule kwa karibu. Kondoo wa Ulaya mwenye mimba ya siku 90 ana kijusi cha takribani nusu kilo, ambacho ni uzito wa mtoto wa binadamu wa wiki 22 au 23, yaani umri uleule ambao tatizo linagunduliwa. Kondoo wetu, wale wenye vichwa vyeusi na wale wekundu wa Kimasai, ni wadogo zaidi, kwa hiyo usichukue vipimo vya vitabu vya Ulaya na kuvimwaga kwenye mpango wako. Pima mwenyewe kwa ultrasaundi.

Tofauti kubwa iko kwenye homoni. Kwa kondoo, kuanzia kama siku ya 50 hadi 60, kondo la nyuma lenyewe linatengeneza projesteroni ya kutosha kuishikilia mimba. Kwa mbuzi, mimba inashikiliwa na ovari mpaka mwisho. Chochote kinachoivuruga ovari, uvimbe baada ya upasuaji au kemikali za mwili zinazoamshwa na kidonda, kinaweza kuitoa mimba. Ukifungua mji wa mimba wa kondoo, ukafanya kazi yako kwenye kijusi, ukafunga, ana nafasi nzuri ya kuendelea na mimba yake kwa wiki kadhaa. Mbuzi anahitaji ulinzi wa homoni na bado unalala roho juu. Inawezekana kufanya kazi hii kwa mbuzi: huko São Paulo kundi la Renato Assad lilitumia mbuzi kuiziba njia ya umeme ya moyo wa kijusi na kujaribu waya mpya wa betri. Lakini kama huna sababu maalumu ya mbuzi, chukua kondoo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni maktaba. Karibu yote tunayoyajua kuhusu moyo wa kijusi yametoka kwa kondoo. Tunajua kwamba mwaka 1972 mtafiti Friedman alionyesha kuwa katika misuli ya moyo wa mwanakondoo aliye tumboni, sehemu inayojikunja ni kama asilimia 30 tu, wakati kwa mkubwa ni 60. Tunajua kwamba vyumba viwili vya chini vikijumlishwa husukuma takribani mililita 450 hadi 500 kwa kila kilo kwa dakika. Takwimu hizi zinakuambia kwa nini mapigo ni uhai kwa kijusi: moyo wake ni mgumu, hauwezi kujaa zaidi sana kwa kila pigo, hivyo pigo likipungua damu inapungua. Ukipata matokeo ya ajabu kwa kondoo, kuna watu mia waliopita njia hiyo ambao unaweza kujilinganisha nao. Kwa mbuzi utakuwa peke yako mara nyingi.

Kundi la San Francisco mwaka 1990 liliziba njia ya umeme ya moyo wa wanakondoo tumboni na kupima nini kinatokea, na mwaka 1997 kazi nyingine kutoka jiji hilohilo ikaangalia wanakondoo waliowekewa betri kwa muda mrefu kabla ya kuzaliwa. Ujumbe wao wa jumla ulikuwa mzuri: kuvipigisha vyumba vya chini peke yake, bila kuvioanisha na vya juu, tayari kunaongeza damu inayosukumwa. Kwa mtengeneza kifaa hii ni nafuu kubwa, kwa sababu betri yenye waya mmoja ni ndogo na rahisi kuliko yenye waya mbili.

Nguruwe, na neno kuhusu nyani

Nguruwe ana moyo unaofanana sana na wetu, na mimba yake ni siku 114. Ila anabeba watoto wanane, kumi, kumi na wawili. Ukimfanyia upasuaji mmoja, wengine wote wanabeba hatari yake, na mimba yake pia inategemea ovari. Kwa kijusi simshauri. Kwa hatua inayofuata namshauri kabisa: betri ndogo kama ile ya kijusi inapobadilishwa ili iwekwe kwa mtoto mchanga aliyezaliwa, watafiti wameijaribu kwa nguruwe kupitia kwenye utando wa moyo. Kwa hapa Dar kuna jambo la kuzungumza wazi na mapema. Wahudumu wengi wa maabara na mabanda ni Waislamu, na haifai kumlazimisha mtu kumshika nguruwe kwa sababu ya utafiti wako. Waulize kabla hujaandika bajeti.

Nyani wana kondo kama letu na kingamwili zinapita. Lakini gharama, ulinzi na uzito wa kimaadili ni mkubwa mno kwa kazi ambayo kondoo na sungura wakigawana wanaifanya.

Waya au kifaa kizima ndani?

Mnyama ukishampata, chagua njia. Ya kwanza ni ya upasuaji wa wazi: mama analazwa nusu kaputi, mji wa mimba unafunguliwa, kifua cha kijusi kinafunguliwa kati ya mbavu, waya unashonwa kwenye moyo. Kwa fiziolojia ni njia safi, unaona kila kitu na unajua waya umekaa wapi. Kama swali lako ni moyo unaitikiaje kasi hii au ile, itumie. Kama unawaza mgonjwa, ijue kwa udhaifu wake: uchungu wa mapema kwa mama, na mtoto aliyeshavimba maji anayefunguliwa kifua.

Ya pili ni waya kupitia tumbo la mama. Hii ndiyo ilifika kwa binadamu kwanza. Mwaka 1986 timu ya Houston, Texas, ilichapisha habari za mtoto aliyepigishwa moyo kwa waya uliopitishwa kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo la mama. Moyo uliitikia umeme. Mtoto alifariki. Baada ya hapo wengine walijaribu kwa namna mbalimbali, na tatizo likawa lilelile: kijusi hakitulii. Kinageuka, kinapiga teke, kinavuta. Waya wenye ncha moja ndani ya moyo na nyingine nje ya mama ni suala la saa tu kabla haujachomoka, na ni njia ya wazi ya vijidudu kuingia. Sioni sababu ya mtu kuirudia leo kama lengo lake ni tiba. Kama ni kipimo cha saa chache kwa mwanakondoo aliyelala usingizi, sawa.

Ya tatu ndiyo inayonipa matumaini. Watu wa Chuo Kikuu cha Southern California na hospitali ya watoto ya Los Angeles walitengeneza betri ndogo kama kijiti, inayopita ndani ya mrija mwembamba chini ya ultrasaundi, ikaachwa yote kifuani mwa kijusi bila waya wa kutoka nje. Ncha yake imesokotwa ili ijizungushe ndani ya misuli ya moyo. Ni ndogo mno kubeba umeme wa miezi, kwa hiyo inachajiwa bila waya kutoka nje ya tumbo la mama. Waliijaribu kwa kondoo, na hapo kondoo alifanya kazi ambayo hakuna kompyuta ingeifanya: alionyesha kwamba ncha inang'oka. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, kijusi kinajinyoosha, na sehemu ngumu ya kifaa inavuta sehemu iliyojishika. Ikabidi umbo libadilishwe, sehemu inayounganisha ncha na kiwiliwili ilegezwe, kisha kujaribu tena. Ukiniuliza nini cha kutafiti hapa kwetu, nitasema ni hicho: namna ya kushika. Hakihitaji maabara ya kielektroniki ya mabilioni. Kinahitaji mikono, mioyo na ultrasaundi nzuri.

Na mioyo tunayo. Kabla ya kugusa mnyama hai hata mmoja, nenda machinjio ya Vingunguti alfajiri na uombe mioyo mizima ya kondoo au mbuzi, isiyopasuliwa. Usichukue ya ng'ombe, kwa sababu ina mfupa katikati, pale pale unapotaka kujifunza. Osha mabonge ya damu. Pasua chumba cha juu cha kulia kuanzia kwenye mdomo wa mshipa mkubwa wa chini, ukikunje ukuta wake pembeni kama ukurasa. Utaona tundu dogo linaloleta damu ya moyo wenyewe, na mbele yake jani la valvu lililoshikamana na ukuta wa katikati. Juu yake, ukipapasa kwa ncha ya kidole, kuna ugwe mwembamba mgumu. Vitatu hivyo vinafanya pembetatu, na kifundo kimelala kwenye kona yake ya mbele, chini kidogo ya utando. Kwa macho hutakiona. Choma sindano yenye wino hapo, kisha kata uone wino umefika wapi. Rudia mpaka mkono wako upafahamu bila macho kupatafuta. Halafu geuza moyo, zungusha ncha yako kwenye misuli ya nje, ning'iniza uzito, na upime inang'oka kwa uzito gani. Wanasayansi Russell na Burch walipoandika mwaka 1959 kwamba tubadilishe wanyama pale inapowezekana, tupunguze idadi na tupunguze maumivu, walikuwa wanazungumzia hatua kama hii. Kila kosa ulilofanya kwenye moyo wa Vingunguti ni kosa ambalo kondoo mwenye mimba hatalilipia.

Mambo ya hapa nyumbani

Upasuaji wa kondoo wajawazito haufanyiki Upanga. Madaktari wa mifugo na mabanda yanayofaa viko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mtu anayejua kumlaza kondoo nusu kaputi bila tumbo lake kujaa gesi na kutapika ana thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua. Mweke kwenye timu tangu pendekezo, siyo kama mtu wa kuitwa siku ya kazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 isomeni wote, kibali cha maadili kiombwe mapema, na mpango wa dawa za maumivu kwa mama kondoo baada ya upasuaji uandikwe kwa dozi na saa.

Jambo moja linasahauliwa mno, nalo ni afya ya watu. Maji ya uzazi na kondo la nyuma la kondoo na mbuzi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya Q na vya brusela. Homa ya Q hupita hewani, na kwa mtu mwenye valvu mbovu ya moyo inaweza kukaa humo na kumuua taratibu; kwa mama mjamzito inahatarisha mimba. Pima kundi lako kabla ya kulinunua. Barakoa ya kweli, miwani, glavu ndefu. Dada mjamzito kwenye timu asiingie chumba cha upasuaji, hata kama yeye ndiye mwenye wazo la utafiti. Apewe kazi ya vipimo vya mapigo nje.

Mwisho ni kalenda. Kondoo wa Ulaya hupandwa kwa msimu, kwa hiyo maabara zao hukaa miezi bila mimba. Wetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hupata joto la kupandwa karibu mwaka mzima, na hiyo ni nafuu tunayopaswa kuitumia. Mpake dume rangi kifuani ili kila jike aliyepandwa aonekane mgongoni, andika tarehe siku hiyohiyo, kisha thibitisha kwa ultrasaundi. Dume akiingia mwanzoni mwa Januari, siku ya 90 inaangukia Aprili, masika yamepamba moto, mabanda yana matope na vidonda havikauki. Akiingia katikati ya Machi, siku ya 90 ni katikati ya Juni na ya 120 ni katikati ya Julai, wakati wa kipupwe, na wanakondoo watazaliwa mapema Agosti nyasi zikiwa bado zipo.